Kupanga Nyimbo Nyumbani: Somo la Uainishaji

Aghalabu mwanafunzi hukariri vipera vya nyimbo bila kutambua vigezo vinavyovitenganisha. Matokeo yake ni kuorodhesha taarab, mbolezi na nyimbo za mapenzi katika safu moja, ilhali istilahi hizo hazijibu swali moja. Njia nyepesi ya kuondoa utata huu ni kumpa zoezi la kupanga kwa makundi nyimbo zilizomo kwao nyumbani, ziwe katika kaseti, sidii au simu.

Kwanza, aamue kigezo. Viko vitatu vinavyofaa. Mahadhi na ala hutupa taarab, benga, rumba na rapu. Maudhui hutupa nyimbo za mapenzi, za siasa na za dini. Muktadha wa uimbaji ndio unaotupa vipera vingi vya fasihi simulizi: bembelezi za kuwalaza watoto, hodiya za kazini, vimai vya mabaharia, nyiso za jandoni na mbolezi za msibani.

Pili, avijaribu vigezo hivyo kwa wimbo mmoja mmoja. Hebu tutazame "Kijiti", wimbo wa Siti binti Saad wa Unguja, aliyerekodi santuri Bombay mwaka wa 1928. Kwa mahadhi ni taarab; kwa maudhui ni malalamiko kuhusu mauaji ya mwanamke na haki iliyokosekana. Vilevile, "Unbwogable" wa Gidi Gidi Maji Maji ni rapu, lakini ulipoimbwa katika kampeni za uchaguzi wa 2002 ukawa wimbo wa siasa. Muktadha ulibadilika, na kipera nacho kikabadilika.

Tatu, achague kigezo kimoja kikuu cha kupangia, kisha vile vingine aviandike kandokando ya jina la wimbo.

Zoezi hili linatuhusu sisi wasahihishaji pia. Mwanafunzi akiuita wimbo hodiya na kutoa ushahidi, huku mwongozo wetu ukitaja wimbo wa siasa pekee, tukimnyima alama tutakuwa tunamfunza kubahatisha majina badala ya kuhakiki. Basi swali letu liwe na sehemu mbili: taja kipera cha wimbo huu, thibitisha kwa kurejelea kigezo na maneno ya wimbo wenyewe. Alama nyingi ziwe katika sehemu ya pili.