Ugonjwa wa Korona na watoto wa mji wetu

Mara nyingi tunasikia wakristu wakisema: «Korona haikugusa watoto.» Neno hili lina kweli, lakini si kweli yote. Ugonjwa ule uliua zaidi wazee, na watoto wengi walioupata walipona bila taabu kubwa. Lakini mtoto haishi peke yake. Kinachopiga baba na mama kinamfikia yeye vile vile. Basi tufikiri kidogo juu ya jambo hili, maana padri na katekista ndio wanaoingia ndani ya nyumba za watu.

Tukumbuke kwanza namna mambo yalivyopita. Mgonjwa wa kwanza wa Kongo alijulikana Kinshasa tarehe 10 ya mwezi wa tatu 2020. Tarehe 19 masomo na makanisa yakafungwa katika nchi yote. Hapa Lubumbashi, tarehe 23 na 24, watu waliamriwa kubaki nyumbani. Siku mbili ni chache kwa mwenye mshahara. Lakini kwa mama anayeuza makala ili apate unga wa bukari ya jioni, siku mbili bila soko ni siku mbili za njaa, na watoto ndio wanaolia.

Sasa tutazame masomo. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho walirudi mwezi wa nane. Wengine wote walingoja mpaka tarehe 12 ya mwezi wa kumi, karibu miezi saba. Tarehe 18 ya mwezi wa kumi na mbili yakafungwa tena, mpaka tarehe 22 ya mwezi wa pili 2021. Na tujue kwamba masomo ya msingi yalianza kutolewa bure mwezi wa tisa 2019. Watoto wengi wa maskini waliingia darasani mara ya kwanza mwaka ule ule, na mwaka wao ukakatika katikati. Wengine walizoea kuuza njiani, wasirudi tena.

Jambo la tatu ni afya. Tangu 2019 surua ilikuwa inaenea katika nchi yetu. Ilipotangazwa kwisha, mwezi wa nane 2020, watu zaidi ya 380,000 walikuwa wameugua na karibu 7,000 wamekufa, wengi wao watoto wasiofikisha miaka mitano. Korona, kwa hesabu ya Serikali, haikufikisha vifo 2,000 katika nchi yote. Lakini surua ina chanjo tangu zamani! Mama aliyeogopa kwenda lopitalo kwa sababu ya Korona alimwacha mtoto wake bila kinga mbele ya adui mwingine. Hivi hofu ya ugonjwa mpya ilitusahaulisha ugonjwa wa zamani.

Tena kuna kidonda kisichoonekana. Wakati ule mikutano ya kilio ilikatazwa, maiti ikapelekwa moja kwa moja makaburini. Mtoto aliyefiwa na nkambo wake hakuona watu wakikusanyika, hakusikia nyimbo, hakuelezwa neno. Na kama baba amekaa bila kazi, hasira yake inaanguka juu ya mke na watoto. Mtoto wa namna hii hunyamaza, nasi tunazani ana adabu.

Tufanye nini basi? Mtakatifu Luis Gonzaga alikuwa angali mwanafunzi alipokufa Roma mwaka 1591, kwa sababu ya kuhudumia wagonjwa wa tauni. Sisi hatuombwi kufa, tunaombwa kuuliza. Tunapotembelea jamaa, tuulize mambo matatu: Karti ya chanjo ya mtoto iko wapi? Anakwenda ku masomo? Nani anazungumza naye? Tukiona jambo limekosekana, tusiondoke kabla ya kupatana na wazazi juu ya siku ya kulitengeneza, na siku ile tupite tena. Ugonjwa mwingine utakuja siku moja. Heri utukute tunajua watoto wetu kwa majina yao.