Kisiwa cha Mchanga na Saa ya Bahari

Leo nataka tuzungumzie safari ya mapumziko. Sina maana ya safari ya kulala hotelini. Nazungumzia ile ambayo baba, mama na watoto hupakia hema, masufuria na magodoro ndani ya gari, wakaenda kupiga kambi. Mfano wangu unatoka mbali, nchini Australia, katika kisiwa ambacho barabara yake kuu ni ufukwe wenyewe.

Kisiwa hicho kiko katika jimbo la Queensland, na ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani kilichojengwa na mchanga. Urefu wake unazidi kilomita 120. Kwa miaka mingi ramani zilikiita Fraser Island, jina lililotokana na Eliza Fraser, mke wa nahodha, aliyefika huko baada ya jahazi lao kuvunjika mwaka 1836. Mwaka 2023 serikali ya jimbo ilikirudishia rasmi jina ambalo wenyeji wake, Wabutchulla, hawakuacha kulitumia: K'gari. Herufi ya kwanza haitamkwi, kwa hiyo sikio la Mswahili litasikia karibu kabisa neno "gari". Na kwa hakika, bila gari imara huko hufiki mbali.

Uzuri wake si wa kusimuliwa kwa dakika chache. Msitu mnene wa miti mirefu umeota juu ya mchanga mtupu. Yako maziwa ya maji baridi zaidi ya 100. Kwa ajili hiyo kisiwa kiliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1992. Lakini leo sitaki kusifu uzuri. Nataka tujiulize: mzazi anayetaka kuwapeleka watoto mahali kama hapo aanze wapi kupanga?

Wengi wetu huanza na siku za likizo, kisha fedha, kisha chakula, na bahari tunaikumbuka mwisho. Katika kisiwa cha mchanga mpango huo umepinduka. Jambo la kwanza ni jedwali la maji kujaa na kupwa. Ufukwe wa mashariki, unaoitwa 75 Mile Beach, ni barabara halali yenye sheria zote za usalama barabarani: mikanda hufungwa, polisi hupima ulevi, na mwendo hauruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Hata ndege ndogo hutua hapo. Lakini barabara hiyo hufungwa na bahari mara mbili kila siku. Maji yakijaa, ule mchanga mgumu wenye unyevu ambao gari hupita juu yake unafunikwa. Dereva hubaki baina ya mawimbi upande mmoja na mchanga mkavu laini upande wa pili.

Kwa hiyo wasimamizi wa hifadhi hushauri kutoendesha gari ufukweni saa mbili kabla ya maji kujaa na saa mbili baadaye. Hebu tupige hesabu. Tuseme maji yanajaa saa nne asubuhi. Tangu saa mbili hadi saa sita mchana hakuna safari. Kuendesha usiku hakushauriwi, na wakati wa baridi jua la huko huzama mapema, karibu saa kumi na moja jioni. Basi siku yote imekuachia saa tano za mchana, pamoja na nafasi ndogo ya alfajiri. Kesho yake maji yatajaa karibu saa moja baadaye kuliko leo, na hesabu inabadilika tena. Mvuvi wa Bagamoyo au Pate haambiwi jambo hili. Anajua pia kwamba mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bamvua hupandisha maji kuliko siku za maji mafu. Anayechagua tarehe za likizo na atazame mwezi kabla ya kulipia pantoni.

Naam, pantoni. Magari huvuka kutoka Inskip Point hadi ncha ya kusini ya kisiwa, au kutoka River Heads hadi upande wa magharibi. Anayeshukia magharibi lazima akate kisiwa kwa njia nyembamba za mchanga msituni, ambako mwendo wa juu ni kilomita 30 kwa saa, na mara nyingi hata huo haufikiwi. Kibali cha gari na kibali cha kupiga kambi hupatikana kabla ya kuvuka. Siku za likizo za shule nafasi hujaa mapema.

Sasa gari lenyewe. Linatakiwa liwe refu kutoka chini na lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne. Anayekodi asome mkataba na bima vizuri, maana mikataba mingi hairuhusu gari kupelekwa mchangani. Kabla ya kuingia mchangani upepo wa tairi hupunguzwa. Tairi iliyokuwa na paundi 35 hushushwa hadi baina ya 16 na 20, kulingana na gari na mzigo. Tairi iliyolegea hutandaza uzito mahali pakubwa, kwa hiyo gari halizami. Lakini tairi hiyo haifai kwa mwendo mkali wala kona za ghafla. Chukua pampu ya kuirudishia upepo utakapofika kwenye lami, pamoja na sepeto na kamba ya kuvutia. Mizigo mizito usiirundike juu ya paa, kwani gari lililobeba juu hupinduka upesi. Vijito vinavyoingia baharini huchimba kingo kali ambazo hazionekani kwa mbali, na kijito kilichokuwa kimetulia jana huenda leo kimekata ufukwe. Dereva apunguze mwendo, na ikibidi ashuke akague.

Wasikilizaji, jambo la tatu ni watoto. Kisiwani wanaishi dingo, mbwa mwitu wa Australia, ambao Wabutchulla huwaita wongari. Mwaka 2001 mvulana wa miaka 9 aliuawa na wanyama hao karibu na kambi. Dingo aliyezoea kulishwa na watu hupoteza hofu, na mkate anaotupiwa kwa mzaha leo unaweza kumgharimu mtoto wa familia nyingine kesho. Ndiyo sababu kumlisha ni kosa linaloadhibiwa kwa faini kubwa. Wenye watoto wa miaka 14 kushuka chini hushauriwa kulala katika kambi zenye uzio, kama Central Station na Dundubara. Mtoto akae pale mkono wa mzazi unapofika, hata kwenda msalani asiende peke yake. Chakula kifungiwe garini au katika sanduku imara, kisilale ndani ya hema. Dingo akikaribia, usikimbie. Simama wima, mtazame, urudi nyuma taratibu.

Watoto pia watataka kuogelea. Bahari ya upande wa mashariki ina mikondo mikali na papa, wala hakuna waokoaji. Waogee katika maziwa au kijito cha Eli Creek, ambacho maji yake ni maangavu, mzazi akiwa karibu.

La mwisho ni moto. Mwezi Oktoba 2020 moto wa kambi uliowashwa kinyume cha sheria ulienea ukateketeza zaidi ya nusu ya kisiwa. Moto huwashwa mahali paliporuhusiwa tu, na huzimwa kwa maji. Mchanga hauuzimi, bali huficha makaa na kutunza joto ambalo litamuunguza mtoto atakayepita pekupeku asubuhi.

Labda mtauliza, mapumziko gani haya yenye masharti mengi? Jibu langu ni kwamba masharti haya hupunguza haraka, na haraka ndiyo huharibu safari nyingi za familia. Mwenye siku nne asipange kuona kila kitu. Apange sehemu moja kwa siku, na zile saa ambazo bahari imefunga njia azihesabu kuwa ni sehemu ya likizo: kupika, kulala kidogo, kuwasimulia watoto hadithi kivulini.

Wazee walisema, maji yakijaa hupwa. Anayesubiri atapita. Kwa leo naishia hapo.