Kuinuka kwa Ujerumani na Hofu ya Uingereza, 1871–1914: Nadharia ya Mpito wa Nguvu Yapimwa

Swali la kwa nini dola inayoinuka huingia katika uhasama na dola iliyotangulia kutawala ni la kale. Thucydides, alipoandika kuhusu vita vya Athens na Sparta, aliona chanzo chake katika ukuaji wa Athens na hofu ambayo ukuaji huo uliitia Sparta. A. F. K. Organski alilipa wazo linalokaribiana na hilo umbo la nadharia mwaka 1958: hatari ya vita huongezeka pale mpinzani asiyeridhika anapokaribia kulingana na mkubwa wake. Makala haya yanaipima nadharia hiyo kwa mfano wa Ujerumani na Uingereza, ambao hutajwa mara nyingi kuwa ushahidi wake, na yanadai kwamba mfano huo unaiunga mkono kwa kiasi kidogo kuliko inavyodhaniwa.

Dola ya Ujerumani ilitangazwa Versailles tarehe 18 Januari 1871. Ilipofika mwaka 1913 ilizalisha chuma cha pua zaidi ya mara mbili ya Uingereza. Hata hivyo, katika miongo miwili ya mwanzo ukuaji huo haukuzaa uhasama mkubwa, kwa kuwa Kansela Bismarck alishikilia kwamba Ujerumani imeridhika na mipaka yake ya Ulaya. Magomvi ya makoloni yalimalizwa mezani, na mwambao wa Afrika Mashariki ni shahidi. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilifika Unguja kumshurutisha Sultani Barghash akubali madai ya Ujerumani huko bara, Uingereza haikumtetea. Mwaka uliofuata mataifa hayo mawili yaligawana bara na kumwachia Sultani ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10. Kwa mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, uliotiwa saini miezi michache baada ya Bismarck kuondoka, Ujerumani iliikubali Zanzibar kuwa nchi lindwa ya Uingereza na kuacha madai yake ya Witu. Miongoni mwa ilichopewa ni Heligoland, kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini, ambacho baadaye kiligeuzwa kuwa ngome ya jeshi la majini dhidi ya Uingereza ileile iliyokitoa.

Mabadiliko yalikuja na manowari. Kwa sheria za mwaka 1898 na 1900, Tirpitz alikusudia kuunda kundi la meli kubwa kiasi kwamba Uingereza ingeogopa hasara ya kupigana nalo, hivyo ingelegeza msimamo wake. Hesabu hiyo haikuzingatia kwamba kwa taifa la kisiwa, lililoagiza sehemu kubwa ya nafaka yake kutoka ng'ambo, bahari ilikuwa suala la uhai. Uingereza ilijibu kwa kuunda Dreadnought, iliyoshushwa majini mwaka 1906, na kwa kupatana na Ufaransa mwaka 1904 na Urusi mwaka 1907.

Ni katika mazingira hayo Eyre Crowe wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza aliandika waraka wake wa tarehe 1 Januari 1907. Hoja yake ni nzito: iwe Ujerumani imepanga kutawala au inakua tu bila mpango, tishio kwa Uingereza ni lilelile. Thomas Sanderson, aliyekuwa amestaafu katika wizara hiyo, alimjibu kwamba Ujerumani ilikuwa na sababu zake za kulalamika. Mwandishi wa makala haya anaona Crowe aliacha pengo: nia ikishaondolewa katika hesabu, hakuna tendo la mpinzani linaloweza kupunguza hofu.

Pengo hilo linaonekana zaidi tukiitazama Marekani. Nayo iliipita Uingereza kiuchumi, tena kwa kishindo, na mwaka 1895 zilikaribia kugombana kuhusu mpaka wa Venezuela. Uingereza ilikubali usuluhishi, na kwa mkataba wa mwaka 1901 ikaiachia Marekani haki ya kuchimba na kusimamia peke yake mfereji wa Amerika ya Kati. Mpito wa nguvu ulitokea bila vita. Kilichotofautiana ni umbali, na mahali zilipowekwa manowari.

Aidha, vita vya 1914 havikuanzia kwenye ushindani wa majini. Kuanzia mwaka 1912 Ujerumani ilielekeza fedha zaidi kwa jeshi la nchi kavu, kwa hofu ya Urusi, ambayo nayo ilikuwa ikiinuka. Juni 1914 Uingereza na Ujerumani zilikuwa zimekaribia kukamilisha mapatano kuhusu reli ya Baghdad, na habari za mauaji ya Sarajevo zilipofika, manowari za Kiingereza zilikuwa Kiel, zikiwa wageni wa Kaisari.