Mbuzi Anayezunguka na Mbwa wa Nyumbani

Ndugu wafugaji wa Handeni na Korogwe, leo tuzungumzie mbuzi anayezunguka. Pengine umewahi kumwona. Mbuzi jike mzuri, uliyemtegemea akupatie ada ya mtoto, anajitenga na kundi. Anainamisha kichwa upande mmoja, anazunguka mahali pamoja na kugonga miti kama haoni. Mwingine kichwa ni kizima, lakini miguu ya nyuma inalegea mpaka anashindwa kusimama. Ndugu zetu Wamasai huuita ugonjwa wa namna hii ormilo. Wengine husema karogwa. Hakurogwa, ndugu yangu. Mara nyingi ana kifuko cha maji ndani ya ubongo au katika uti wa mgongo.

Je, kifuko hiki kimetoka wapi? Kimetoka kwa mbwa. Mbwa huishi na tegu tumboni bila kuonyesha ugonjwa. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi na kuangukia majani. Mbuzi au kondoo akila majani hayo, kiluwiluwi hupita katika damu hadi kwenye ubongo au uti wa mgongo. Hapo hukua polepole kwa miezi kadhaa, mpaka kifuko kinaweza kufikia ukubwa wa yai la kuku au kuzidi. Ndani yake mna vichwa vingi vyeupe vya tegu, vidogo kama chenga za mchele. Ukichinja mbuzi huyo na kumtupia mbwa kichwa, umempandia tegu wengine. Baada ya wiki 6 hivi mbwa anaanza tena kumwaga mayai malishoni.

Sasa, matibabu yapo? Yapo, ila si rahisi. Daktari wa mifugo hubonyeza fuvu polepole. Likiwa limelainika mahali fulani, mara nyingi kifuko kiko chini yake. Hunyoa manyoya, huchoma sindano ya ganzi, hutoboa fuvu, hunyonya maji kwa bomba la sindano na kukivuta kifuko chote nje. Kikitoka kizima, mbuzi wengi hupona. Usijaribu mwenyewe kwa kisu cha nyumbani. Utamtesa mnyama na kumwua. Kifuko kikiwa ndani sana, au katika uti wa mgongo, upasuaji ni mgumu na gharama yake huzidi bei ya mbuzi. Huyo ni afadhali kumchinja mapema kabla hajakonda, nyama ikaguliwe na mkaguzi.

Lakini angalia: si kila mnyama anayezunguka ana kifuko. Maji moyo, unaoletwa na kupe, huweza kumfanya mbuzi azunguke, tena huwa na homa kali. Kwa ng'ombe, ndigana kali ikiingia ubongoni huleta kizunguzungu pia. Na kichaa cha mbwa kipo. Kwa hiyo usimtie mnyama huyo mkono mdomoni, wala usimchinje, kabla hujamwita bwana mifugo.

Kinga ndiyo kazi yako wewe. Kwanza, usimpe mbwa kichwa wala uti wa mgongo vikiwa vibichi. Choma moto au fukia shimo refu asiloweza kufukua. Pili, mpe mbwa dawa ya tegu, yaani prazikwanteli, angalau kila miezi 3, kwa kipimo cha uzito wake. Baada ya dawa mfunge siku 2, na kinyesi chake ukifukie, maana dawa huua tegu lakini haiui mayai. Tatu, osha mikono baada ya kumshika mbwa, na wafundishe watoto hivyo. Mara chache sana, mayai haya humpata hata binadamu.

Tena shaurianeni kijiji kizima. Ukimtibu mbwa wako, na wa jirani akaendelea kula vichwa, malisho ni yale yale. Mbwa usimwue, ni mlinzi wako dhidi ya fisi na wezi. Mtibu tu, naye atalinda mbuzi wako kweli kweli.