Rutshuru: Kongelateri ya bei ndogo inaweza kumaliza pesa ya umeme

Tangu kituo cha Matebe kilipozinduliwa kwenye mto Rutshuru mwezi wa 12 mwaka 2015, kikiwa na uwezo wa karibu megawati 13, umeme umefika katika nyumba za Rutshuru-centre na Kiwanja. Pamoja na umeme ilikuja hamu ya kongelateri: kuhifadhi samaki wa Vitshumbi na Nyakakoma, kuweka nyama ya wiki nzima, au kuuza maji ya baridi mbele ya nyumba.

Lakini umeme huo unalipwa kabla ya kutumiwa. Yuniti zikiisha usiku, kongelateri inazimika, na asubuhi mama anakuta mtaji wake wa samaki umeoza. Ndiyo sababu bei ya dukani si bei yote. Nyingine inalipwa polepole kwenye kompteri, kila siku, kwa miaka mingi.

Kusoma kibandiko

Kabla ya kutoa dola, mnunuzi atafute kwenye kibandiko namba ya kilowati-saa kwa mwaka, iliyoandikwa kWh. Akiigawa kwa 365, anapata matumizi ya siku moja. Chombo cha kWh 200 na kile cha kWh 500 vinaweza kufanana kwa macho, lakini vinaachana kwa kWh 300 kila mwaka. Kwa mfano, kama kilowati-saa moja inalipwa senti 20 za dola, hiyo ni dola 60 zinazopotea kila mwaka.

Herufi nazo zinaweza kudanganya. Ulaya ilibadili vibandiko vyake mwezi wa 3 mwaka 2021: alama za A+, A++ na A+++ ziliondolewa, na sasa ni A hadi G. Kwa hiyo kongelateri mpya yenye herufi D si lazima iwe mbaya kuliko ya zamani yenye A++. Namba ya kWh ndiyo ya kulinganisha.

Ya kulala au ya kusimama?

Kongelateri ya kulala, inayofunguliwa juu, kwa kawaida inakula umeme kidogo. Hewa baridi ni nzito, inabaki chini hata mfuniko ukifunguliwa. Katika ile ya kusimama, hewa hiyo inamwagika nje kila mlango unapofunguliwa. Ukubwa nao ufuate mahitaji: kwa familia nyingi lita 150 hadi 200 zinaweza kutosha.

Wanaonunua iliyokwisha kutumika wajaribu mpira wa mlango. Noti ya franka ibanwe kwenye mlango uliofungwa. Ikivutika bila kukwama, baridi inatoka hapo, na mota haitapumzika.

Umeme ukikatika

Katika eneo hili mapigano yamewahi kukata hata laini inayopeleka umeme Goma, kwa hiyo kuta nene zina faida ya pili: zinashika baridi. Kongelateri iliyojaa, isipofunguliwa, inaweza kulinda vyakula kwa karibu siku mbili. Iliyojaa nusu, karibu siku moja. Nafasi tupu zijazwe chupa za maji, ambazo zikiganda zinasaidia kutunza baridi. Umeme ukirudi, ni vizuri kungoja dakika chache kabla ya kuwasha, na kifaa cha kutuliza umeme kinalinda mota.

Nyumbani, chombo kikae mbali na mbabula na jua, na kiache nafasi ya kama sentimita 10 kutoka ukutani. Nyuzi 18 chini ya sifuri zinatosha. Barafu ikizidi nusu sentimita iyeyushwe, na chakula cha moto kipoe kwanza.

Anayefanya hesabu hii dukani anaweza kulipa zaidi siku ya kwanza. Lakini yuniti zake zitafika mbali zaidi, na samaki wake watafika sokoni wakiwa wazima.