Kuchagua Mtumbwi Uliotumika kwa Safari za Familia

Masika yanapojaza mbuga za Bonde la Kilombero, familia nyingi za Namawala na vijiji jirani huhitaji mtumbwi ili kufika kwenye mashamba ya mpunga au kuwatembelea ndugu ng'ambo ya maji. Kwa kuwa mtumbwi mpya ni ghali, wengi hununua uliokwisha kutumika, na mara nyingi uchaguzi huwa kati ya mtumbwi wa gogo moja na ule wa mbao zilizounganishwa. Kabla ya kuuliza bei, mnunuzi ajiulize: watapanda nani, na watapita maji gani?

Mtumbwi wa gogo hauna maungio, hivyo nafasi za kuvuja ni chache, na hupenya vyema katika vijito vyembamba. Hata hivyo, ni mwembamba. Mtoto akisimama ghafla, huyumba. Wa mbao una kitako kipana na hutulia zaidi, ila kila ungio ni mlango wa maji unaodai kukalafatiwa mara kwa mara. Kwa wazazi wenye watoto, tunashauri wa mbao, mradi uwe mzima. Ukiwa umeoza, ni heri wa gogo ulio imara, wenye abiria wachache.

Kagueni vyombo vyote viwili mchana, vikiwa vikavu. Chomeni ncha ya kisu kwenye kitako, mkuku na mataruma: ikizama kwa ulaini, mti umeoza. Tazameni nyufa za ncha mbili za gogo, misumari iliyoliwa na kutu, na viraka vya bati. Lami au rangi mpya isiwapumbaze, kwani huenda imefunika ubovu.

Kisha vijaribuni majini. Mbao zilizokaa juani kiangazi chote hunywea na kuvuja mwanzoni. Ziacheni zilowe siku mbili, kisha mpime kama uvujaji umekoma. Pakieni magunia yenye uzito sawa na wa familia na mizigo yake, karibu na ukingo, mahali pasipo viboko wala mamba. Ubavu uliobaki juu ya maji ukipungua shibiri moja, punguzeni watu au kiacheni chombo hicho.

Kuhusu malipo, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji awe na haki ya kuuza anachokiuza. Mitumbwi huibwa na mingine humilikiwa na ndugu kadhaa. Kwa hiyo andikianeni hati yenye majina, bei, tarehe na alama za chombo, mbele ya mashahidi na kiongozi wa kijiji. Kasoro ambayo mngeiona kwa kukagua ni vigumu kuidai baadaye. Ulizeni pia kuhusu usajili na ukaguzi kwa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), linalosimamia usalama wa vyombo vya majini.

Mwisho, jumlisheni kwenye bei ya kila mtumbwi gharama ya matengenezo, kafi ya akiba, chombo cha kufulia maji na jaketi okozi kwa kila abiria, watoto wakiwa na za kimo chao. Aghalabu mtumbwi ulioonekana rahisi ndio huwa ghali. Na vyote viwili vikishindwa majaribio, msinunue hata kimoja.