Intaneti ya koperative: kabla ya kununua antene, tazameni mlima na mupime batri



Wengi wenu munajua kazi hii: kahawa imeosheka, iko juu ya meza inakauka, na mnunuzi wa Goma ao Bukavu anangoja jibu. Lakini penye stesheni ya kuosha rezo hakuna. Sekretere anapanda mlima saa nzima, ananyoosha telefone juu, ujumbe unaenda ao hauendi. Akishuka, bei imekwisha kubadilika. Ndiyo maana koperative nyingi zinatuuliza: je, tunaweza kujiletea intaneti sisi wenyewe, tena kuigawa kwa shule, kituo cha afya na butiki za jirani, ili nao walipe kidogo?

Jibu letu ni ndiyo, inawezekana. Kisiwani Idjwi, ndani ya ziwa Kivu, kulianzishwa mtandao wa jamii wenye jina la Pamoja Net. Lakini tumeona pia makuta ya wakulima yakipotea, na mara moja sisi wenyewe tulikuwa na kosa. Tunaanza na kosa hilo, juu ya kuwasaidia musilirudie.

Kosa letu

Tulisaidia koperative moja ya kahawa, milimani juu ya ziwa. Pesa nyingi zilienda kwa antene, juu tuliamini kwamba antene ya nguvu inashinda kila kitu. Batri tulinunua moja tu, ile ya motokari, na pano moja ndogo ya jua. Siku ya kwanza watu walipiga makofi. Juma la pili, kila usiku karibu saa nne, mtandao ulizimika. Kiisha mvua zikaanza, jua likawa kidogo, na batri ikafa kabisa. Msimu uliofuata shida nyingine ikatokea: mikaratusi ya jirani mmoja ilikuwa imekua, ikasimama katikati ya antene mbili. Antene zilikuwa nzima, hazina ubaya wowote. Tulichokosa ni kupima njia na kupima umeme.

Tangu siku ile tunafuata mpango huu: kwanza njia, pili umeme, mwisho antene. Wauzaji wengi watawaambia kinyume chake, maana antene ndiyo wanayouza.

Mtandao ni kama maji ya bomba

Fikirini maji ya kijiji. Kuko chanzo, kuko bomba kubwa la kuleta maji, kuko na robine ambazo watu wanachotea. Mtandao ni vilevile. Chanzo ni mahali munaponunua intaneti: kampuni ya mjini, ao satelite. Bomba kubwa ni antene mbili zinazotazamana, moja mjini ao penye rezo nzuri, nyingine kwenu. Robine ni vyombo vidogo vinavyogawia ofisi, shule na butiki. Chanzo kikiwa kidogo, hata mukiweka robine mia moja hamtapata maji mengi.

Kwanza: njia ya mawimbi

Vyombo vya bei nafuu vinavyofaa kazi hii vinatumia mawimbi ya gigaherzi 5. Mawimbi haya hayapiti ndani ya mlima, na majani yenye maji yanayakula. Antene mbili zinapaswa kuonana waziwazi. Na kuonana kwa macho tu hakutoshi. Njia ya mawimbi iko na umbo la muhogo: nyembamba kwenye ncha mbili, nene katikati. Kwa umbali wa kilometa 10, pale katikati munahitaji nafasi tupu ya karibu metre 8 chini ya mstari wa macho. Mti ukiingia ndani ya nafasi hiyo, mtandao utakuwa unakatika-katika, na fundi atatafuta ugonjwa ndani ya vyombo asiuone.

Namna ya kupima haiombi pesa nyingi. Tumeni watu wawili, mmoja kwenye kila mlima, siku yenye anga safi. Kila mmoja achukue kioo na kumulika mwenzake kwa jua. Kama mwangaza unaonekana, hatua ya kwanza iko sawa. Kiisha mutazame kila mti ulio njiani, na muulize mwenye shamba: mti huu ni wa namna gani, na utakuwa na urefu gani kisha miaka mitatu? Mikaratusi haingoji mtu. Afazali kupatana na jirani leo, kwa maandishi, kuliko kubishana naye kesho.

Kama milima haionani, musikate tamaa. Tafuteni mlima wa tatu unaoona yote miwili, na muweke pale antene za kupokea na kupitisha. Lakini mujue kwamba mlima ule nao unahitaji umeme wake na mlinzi wake.

Pili: umeme

Vyombo vya mtandao vinakula kidogo, lakini vinakula mchana na usiku bila kupumzika. Hapo ndipo wengi wanadanganyika. Fanyeni hesabu pamoja nasi.

Tuseme mahali pamoja kuko antene mbili, kila moja watt 8, na vyombo vidogo viwili vya kugawa, jumla watt 9. Zote pamoja ni watt 25. Zidisha kwa masaa 24: ni watt-saa 600 kila siku.

Siku za mvua jua linaweza kujificha. Kwa hiyo tunataka batri ibebe siku mbili: watt-saa 1200. Lakini batri ya risasi haipendi kumalizwa. Ukiishusha chini ya nusu kila mara, inakufa mapema. Basi tunanunua mara mbili: watt-saa 2400, ndiyo kusema batri ya volti 12 yenye amperi-saa 200. Na iwe batri iliyotengenezwa kwa kazi ya jua. Ile ya motokari imetengenezwa kwa kutoa nguvu nyingi kwa dakika kidogo, haifai hapa. Batri ya lityumu inakubali kushushwa zaidi na inadumu zaidi, lakini bei yake ya kwanza ni kali.

Sasa pano. Tukihesabu masaa 4 ya jua zuri kwa siku, na tukikumbuka kwamba sehemu ya nguvu inapotea njiani, tunahitaji pano za karibu watt 220. Nunueni 250. Wekeni pia regilatere nzuri, ile inayokata umeme yenyewe kabla batri haijaisha.

Mukitumia satelite, hesabu inabadilika sana. Antene ya kawaida ya satelite inaweza kula watt 75 peke yake, ni mara tatu ya mtandao mzima tuliouhesabu. Kabla ya kufurahia bei ya antene ile, ongezeni bei ya pano na batri zake.

Tatu: kuchagua antene

Mukifika hapa, kuchagua hakusumbui tena. Kuko kampuni nyingi, kama vile MikroTik na Ubiquiti, na vyombo vyao vinafanya kazi zinazofanana. Angalieni mambo haya:

1. Kwa bomba kubwa, chukueni antene ya sahani, inayokusanya mawimbi kwenda mahali pamoja. Ile inayomwaga mawimbi pande zote inapoteza nguvu, na inakusanya makelele ya wengine.

2. Ncha zote mbili ziwe za kampuni moja na za namna moja. Mara nyingi vyombo vya kampuni mbili havisikilizani vizuri.

3. Musiamini namba kubwa iliyoandikwa juu ya karto. Kama imeandikwa mega 300, hiyo ni hesabu ya hewani. Nusu yake ikifika kwa kweli, mushukuru.

4. Ulizeni: chombo hiki kikiharibika, nitapata kingine wapi, na kwa siku ngapi? Chombo kizuri kinachongoja miezi miwili kufika ni kibaya kuliko cha kawaida kinachopatikana Goma ao Bukavu juma hili. Tena nunueni kimoja cha akiba, mukichunge ndani ya depo, kikiwa kimekwisha kupangwa tayari.

5. Waya unaotoka kwenye antene uwe wa nje, wenye ngozi inayovumilia jua, na usipite metre 100. Mahali unapoingia nyumbani, uache ushuke kidogo kiisha upande, ili maji ya mvua yadondoke nje.

Na radi? Mashariki ya Congo ni kati ya sehemu za dunia zinazopigwa sana na radi. Hakuna chombo kinachozuia radi inayopiga moja kwa moja. Lakini munaweza kupunguza hasara: mlingoti wa chuma uungwe kwa waya mnene wa shaba mpaka kwenye chuma kilichopigwa chini, metre 2 hivi, mahali penye udongo wa maji-maji. Mtu asipande mlingoti wakati mawingu yanakusanyika, hata kama mtandao umekatika na watu wanalalamika. Maisha ya fundi ni kubwa kuliko bei ya kahawa.

Kugawa bila magomvi

Kampuni inauza mwendo kwa megabiti. Megabiti 8 kwa sekunde ndizo zinafanya mega moja ile munayoijua kwa telefone. Kwa hiyo mukinunua megabiti 10, munapata kidogo zaidi ya mega moja kila sekunde, kwa watu wote. Vijana watano wakianza kutazama filme, daktari wa kituo cha afya hatatuma kitu. Fundi anaweza kupanga kila mmoja apate kiasi chake. Megabiti moja inatosha kwa ujumbe, sauti, picha za kahawa na kutuma makuta. Lakini fundi asipange kichwa chake. Mkutano wa wamemba ndio uamue nani anapata ngapi na analipa ngapi, na iandikwe ukutani.

Katika malipo hayo, muweke kando pesa ya batri tangu mwezi wa kwanza. Tuseme batri ni dolari 216 na itadumu miaka mitatu. Hiyo ni miezi 36, basi dolari 6 kila mwezi ziingie ndani ya kese na zisiguswe. Koperative isiyofanya hivi inakuwa na mtandao wa miaka mitatu tu. Kiisha inarudi kwetu kuomba, na pengine sisi hatutakuwa na kitu cha kutoa.

Ruhusa

Kutumia intaneti ndani ya ofisi ni jambo moja, kuiuza kwa wengine ni jambo lingine. Kazi hiyo iko chini ya sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020, na shirika la serikali linaloisimamia ni ARPTC. Waendeeni mapema, mkiwa na karatasi za koperative. Someni pia mkataba wa kampuni inayowauzia. Kwa mfano, Starlink imepata ruhusa ya kufanya kazi katika nchi yetu tangu 2025, lakini abonema yake ya nyumba hairuhusu kuuzia wengine. Afazali kuuliza mbele kuliko kunyang'anywa vyombo kisha kulipa.

Maulizo ya kupeleka mkutanoni

Kabla komite haijatoa franka moja, mwenyekiti asome maulizo haya kwa sauti mbele ya wamemba wote. Je, milima inaonana, na nani alikwenda kutazama? Miti iliyo njiani ni ya nani? Vyombo vyetu vinakula watt-saa ngapi kwa siku, na batri yetu inabeba siku ngapi? Nani atapanda mlingoti, na nani atabaki kama yeye akihama? Nani anachunga kese ya batri?

Kama kuko jibu kwa kila ulizo, nunueni. Kama ulizo moja tu halina jibu, chungeni makuta yenu mpaka mulipate. Antene zitangoja dukani, haziozi kama kahawa.